Choo Kwanza

Choo kwanza. Ngazi ya nyuma, mlango wa kijani,
kitasa ukiinue kidogo kabla hujasukuma.
Nakuonyesha mapema kwa sababu mimi
nilipofika hapa hakuna aliyeniambia,
nikabana hadi saa kumi jioni
nikitabasamu kama mtu aliyepata kazi.

Fomu umezijaza kwa Bi Nyaboke, najua:
picha mbili, namba ya kodi, cheti cha mwenendo mwema,
jina la mtu wa kupigiwa simu ukianguka.
Niliona kalamu yako ikisita hapo.
Usijali. Sote tulisita hapo.

Sasa hii ndiyo karakana.
Ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga.
Chini yetu wanauza ringi na pistoni,
kwa hiyo sakafu hutetemeka wakijaribu injini;
ndiyo maana meza ya vipimo vidogo
imesimama juu ya mpira wa gurudumu la lori.
Wazo la Kibisu hilo. Ovaroli uliyovaa pia ilikuwa yake.
Mikono ikunje. Jina kifuani tutalifumua Ijumaa,
Katunge akipata wembe.

Tunatengeneza mizani. Ya mwuza nyama wa Burma,
ya kliniki inayopima watoto kule Kariobangi,
ya mama wa omena, ambayo ndani yake
magamba ni mengi kuliko springi.
Usimcheke. Msafishie, mrudishie, bei mwambie polepole.
Na mwenye bucha akikunong'oneza,
"Fundi, nilegezee kidogo, gramu hamsini tu,"
akusogezee mbavu iliyofungwa kwa gazeti,
hapo ndipo utakapojua ulitia sahihi nini.
Kibisu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wetu sote.
Ile mbavu ilikuwa kilo moja na robo.
Sisemi zaidi.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe.
Bwana Hasmukh hana siku mbili:
bisibisi yako umeipata saa tatu asubuhi.
Chai ni saa nne. Kikombe chenye ufa ni changu.
Sukari tunachanga, shilingi hamsini kwa wiki,
lakini leo usitoe. Leo unakunywa yetu.

Halafu kuna hili, halimo kwenye fomu.
Kila anayeingia hupanda ile mizani kubwa ya magunia
na uzito wake tunauandika ukutani, jina na tarehe.
Katunge, sitini na mbili.
Ekiru, themanini, pamoja na viatu; alikataa kuvua.
Yule wa arubaini na tisa ni mimi.
Asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa maji, mengi,
badala ya chai na mkate.

Panda basi, Mutheu.

Hukupanda.
Uliizunguka mara moja, ukachuchumaa,
ukaomba jiwe la kilo ishirini.
Ukalitua kwa mikono miwili, bila kishindo.
Mshale ukaenda, ukarudi, ukasimama
umeivuka ishirini kwa upana wa ukucha.
"Inazidisha," ulisema, wala si kwa sauti.
Ekiru akaangalia viatu vyake.
Mafundi sita, miaka kumi na saba,
na hakuna aliyewahi kuipima inayotupima.

Bwana Hasmukh akachungulia kuuliza kimya ni cha nini.
Katunge akamjibu, "Mgeni ameanza kazi."

Jioni, mlipokwisha kuteremka, nilichukua kalamu
nikasimama mbele ya jina langu.
Nikapiga hesabu. Nikapunguza mizani, nikapunguza maji.
Kumbe nilikuja mwepesi kuliko nilivyojua.
Sikufuta.
Chini kabisa nimeandika jina lako na tarehe ya leo.
Mahali pa kilo nimepaacha wazi.
Ukishaitengeneza, panda.